Fito Kumi na Moja za Ziwa Tarbell

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mji wa Ashmere, New Hampshire
Jina: Celeste Arsenault
Umri: Miaka 24
Kazi: Msaidizi katika maktaba ya mji, mfanyakazi wa kujitolea katika kampeni ya Seneta Lindqvist
Makazi: Nyumba namba 9, Barabara ya Kinu, Ashmere
Yameandikwa Jumanne tarehe 9 Februari, kuanzia saa 3:20 asubuhi, mbele ya Sajini Roland Fecteau

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimezaliwa Ashmere. Mzee Normand Pelkey namfahamu tangu nikiwa na miaka sita, kwa sababu ndiye aliyekuwa dereva wa basi letu la shule. Alinipeleka na kunirudisha kwa miaka kumi na miwili.

Mnamo Jumatatu tarehe 8 Februari, saa 5:45 asubuhi, nilikuwa katika ofisi ya kampeni pamoja na Bwana Bradley Whitcher, mwenyekiti wa kamati yetu hapa mjini. Siku iliyofuata ilikuwa ya kura ya mchujo wa urais. Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe na miguu ya waya ya mabango yetu ilikuwa ikipinda kila tulipojaribu kuichomeka. Isitoshe, sheria ya mji inakataza mabango ndani ya uwanja wa ukumbi wa kupigia kura.

Mimi ndiye niliyesema kwamba barafu ya ziwa si uwanja wa ukumbi. Ziwa liko nyuma ya ukumbi, na kila anayepanga mstari hulitazama. Nilisema tukisimamisha mabango juu ya barafu, hakuna sheria itakayotugusa. Bwana Whitcher alicheka, akasema, "Kumbe ile shahada yako ina kazi." Nilifurahi sana kuambiwa hivyo.

Tulihitaji miti ya kuyashikilia. Saa 6:10 mchana tulishuka ziwani kwa gari lake. Pale zilikuwapo fito kumi na moja zenye vichwa vyekundu. Mzee Pelkey mwenyewe huzikata kila Desemba, huzipaka rangi na kuzisimamisha kwenye barafu, kwa mstari, mbele ya mdomo wa kijito cha Sawyer. Hapo maji hayaachi kutembea chini na barafu haipati unene. Anayevuka kutoka ng'ambo huziweka fito mkono wa kushoto mpaka afike ufukweni. Mtoto yeyote wa Ashmere anajua hivyo. Mimi nilijua.

Nilimwambia Bwana Whitcher, "Hizi ni za Mzee Pelkey." Alijibu, "Tunaazima. Jioni tunarudisha. Jumatatu nani anavuka?" Nilishika ufito wa kwanza nikaung'oa. Yeye aling'oa nne, mimi saba. Tulizunguka kupitia ufukweni, tukazisimamisha upande wa pili wa mdomo wa kijito, karibu na barabara, ambako barafu ni nene. Nilifunga bango la Seneta kwenye kila ufito. Kwa hiyo mdomo wa kijito, uliokuwa nyuma ya fito, sasa ulikuwa mbele ya fito, upande anaopita anayevuka.

Saa 9:30 alasiri nilikwenda kunywa kahawa katika duka la Mama Lorna Tuttle. Bwana Whitcher alikuwapo, na Mzee Pelkey, ambaye anaishi ng'ambo na siku hiyo alikuja kwa gari kwa barabara, alikuwa kwenye kigoda chake. Kila mwaka wa uchaguzi Mama Tuttle huweka mitungi miwili ya kioo mezani. Ukinunua kahawa unapewa punje moja ya haragwe, unaitumbukiza katika mtungi wa mgombea wako. Jumatatu hiyo mtungi wa Gavana Stroud ulikuwa umejaa kuliko wetu.

Bwana Whitcher alimwambia Mzee Pelkey, "Huo mtungi umeujaza peke yako. Unakunywa vikombe tisa kwa siku."

Mzee alisema, "Basi nina kura tisa. Huyo Seneta wako akizitaka, mwambie aje anywe kahawa kama watu."

"Gavana wako alikuja mara moja, mzee. Alimsalimia mbwa wa Mama Tuttle akidhani ni mpiga kura."

"Na yule mbwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kamati yenu ingekuwa imeshalala."

Watu walicheka, na mtu mmoja akamwita mbwa kwa jina lake. Mimi sikucheka. Nilisema kwamba nimebisha milango mia nne na kumi na mbili kwa miguu yangu, na kwamba kura za maoni zinampa Seneta asilimia thelathini na nane.

Mzee Pelkey aligeuza kigoda. Alisema, "Binti wa kiti cha nyuma! Hao wa kura za maoni wamenipigia simu mara tatu wiki hii. Mara zote nimewadanganya. Mara ya mwisho nilisema mimi ni mama mjamzito na bado sijaamua."

Nilimwambia hesabu za kura za maoni hurekebisha majibu ya watu kama yeye.

Alisema, "Hesabu, sawa. Lakini nafasi ya mgombea ni kama barafu, mwanangu. Huwezi kuijua umesimama ufukweni. Sharti mtu apite juu yake. Stroud ameshapita juu yake mara mbili jimboni kwake. Wako hajapita popote."

Nilimjibu kwa ukali. Nilisema Stroud ni mgombea wa watu wanaoogopa kesho. Ninakumbuka maneno hayo kwa sababu yalinipendeza nilipoyasema. Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Hiyo kesho tutaonana ndani yake. Akishinda wako, nitavaa kofia yake kuvulia samaki mpaka barafu iyeyuke."

Hapo Mama Tuttle akamwuliza, "Kesho utavuka, Normand? Wamesema theluji itaanguka."

Mzee alijibu, "Nimevuka kila uchaguzi tangu nioe. Saa kumi na mbili na nusu niko barafuni, mtu wa kwanza mlangoni. Fito zangu zina vichwa vyekundu. Naziweka kushoto, nimemaliza."

Nilikuwa nimeshika punje yangu mkononi. Bwana Whitcher alinitazama, kisha akatazama kahawa yake. Mzee Pelkey alikuwa umbali wa hatua tatu kutoka kwangu. Sikusema kitu.

Sajini ameniuliza kwa nini. Nilifikiri kwamba tukikiri kuzing'oa, watu wa Stroud watalipigia simu gazeti kabla ya jioni. Nilifikiri pia kwamba Mzee atacheka, na kwamba nimekwisha kumjibu vizuri na sitaki sasa kuonekana mjinga mbele yake. Nilijiambia nitazirudisha kabla ya giza. Nilitumbukiza punje yangu katika mtungi wa Seneta, nikatoka.

Kuanzia saa 10:15 jioni hadi saa 2:00 usiku nilikuwa ofisini nikiwapigia simu wapiga kura. Theluji ilianza saa 11 jioni. Saa 2:05 nilimwambia Bwana Whitcher twende ziwani. Alisema hatutaona kitu gizani na tutaingia sisi majini, twende asubuhi. Nilikubali. Namba ya simu ya Mzee Pelkey ninayo, iko ubavuni mwa jokofu tangu siku za basi. Nilipofika nyumbani niliitazama. Sikupiga.

Leo tarehe 9 Februari, saa 12:15 asubuhi, nilifika nyuma ya ukumbi nikiwa na kurunzi na koleo. Theluji ilikuwa imekatika, imefunika kila kitu, nyayo zetu na mashimo ya fito. Nilianza kushuka ziwani. Saa 12:25 gari la Seneta liliingia kwenye maegesho, naye akashuka kusalimia watu waliokuwa kwenye mstari. Bwana Whitcher aliniita kwa jina. Alisema, "Dakika mbili tu, Celeste. Anataka kumwona msichana wa milango mia nne."

Nilipanda kurudi, nikangoja wakati Seneta akisalimia mstari mtu mmoja mmoja.

Seneta alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniuliza nimesomea wapi. Mikono yake ilikuwa na joto. Hakujua lolote kuhusu fito, na napenda hilo liandikwe.

Watu wapatao thelathini walikuwa kwenye mstari. Mbele kabisa, mlangoni, waliacha nafasi ya mtu mmoja. Hufanya hivyo kila mara kwa ajili ya Mzee Pelkey. Mtu mmoja alisema, "Leo kashindwa na blanketi." Mwingine akajibu, "Normand? Huyo atapiga kura hata akiwa kaburini."

Saa 12:41, kwa saa ya ukutani ya ukumbi, niliona taa ya pikipiki yake ya theluji ikitoka ng'ambo. Kulikuwa na mwanga kidogo wa alfajiri. Taa ilikuja moja kwa moja hadi katikati ya ziwa. Halafu ikapinda. Ilipinda taratibu, bila wasiwasi, kama mtu anayeifuata njia anayoijua, mpaka vichwa vyekundu vikawa mkono wake wa kushoto.

Niliuachia mkono wa Seneta. Nilipiga kelele, lakini injini ya pikipiki hiyo ni kubwa. Nilikuwa sijafika kwenye ngazi za ufukweni wakati taa ilipozama. Sauti ya injini iliendelea kidogo baada ya taa, kisha nayo ikakatika.

Zimamoto walifika saa 12:52. Walinizuia kwenda pale taa ilipozama. Nilizing'oa fito zilizokuwa karibu na barabara, nikaanza kuzirudisha mahali pake nikihesabu hatua, ili wapiga mbizi wajue barafu inapoishia. Nilikuwa nimerudisha nne wakati Sajini aliponiambia niache, kwa sababu ni ushahidi.

Saa 1:30 asubuhi Bwana Whitcher alinifuata kando ya gari la zimamoto. Alisema, "Upepo, Celeste. Usiku kulikuwa na upepo mkali. Ulizing'oa, sisi tukaziokota." Alirudia mara mbili. Aliniambia ukumbi uko wazi mpaka saa moja jioni, na kwamba mtu mmoja hawezi kuharibu kazi ya watu wote.

Nilifika hapa kituoni kwa miguu. Sijapiga kura.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo. Nimesomewa, na ni yangu. Naomba iandikwe kwamba usiku wa kuamkia leo hakukuwa na upepo.

Sahihi ya shahidi: C. Arsenault
Saa 5:05 asubuhi

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake na amekubali kuwa ni sahihi. Fito kumi na moja zimehifadhiwa kituoni, saba zikiwa bado na mabango. Saa 5:22 asubuhi nilipokea taarifa kwa redio kwamba Bwana Normand Pelkey, miaka 71, ametolewa majini mdomoni mwa kijito cha Sawyer, akiwa amefariki. Nilimjulisha shahidi. Aliuliza kama ile nafasi mlangoni bado iko wazi. Nilimwambia kwamba nilipoondoka pale, hakuna aliyekuwa amesogea kuijaza.
R. Fecteau, Sajini