Chai Mkononi, Twiga Wakipita

Jumatatu, 3 Machi
Kisaju tena, kabla jua halijapanda. Vumbi kwa lenzi, nimefuta na leso ya zamani. Twiga hawakuja. Nilikaa kwenye kichuguu changu kile kile, shambani kwa Mzee Parsaloi. Ni yeye alinionyesha njia yao ya kwenda mtoni. Wanapita kwake kwa sababu hajawahi kuweka ua. Leo hakuna hata alama mpya ya kwato. Labda ni kiangazi. Mhariri anataka picha zingine, maanake makala yangu ya Januari ilisomwa sana. Alinisifu. Nilijiskia mtu wa maana kweli kweli.

Jumatano, 5 Machi
Ghai! Bango kwa barabara ya Namanga, kubwa kuliko nyumba yangu: "Shika chai yako asubuhi, utazame twiga wakipita mbele yako." Hayo ni maneno yangu! Ndiyo mwanzo wa makala yangu. Chini yake: PLOTI ZINAUZWA KISAJU. Nilisimamisha pikipiki nikasoma tena na tena. Nikapiga picha ya bango kwa hasira, ikatoka ukungu. Wezi wakubwa hawa!

Alhamisi, 6 Machi
Nilienda kwa Mzee, nimejaa hasira, nimwambie tuwashtaki. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikajibu. Nikamwuliza kama anajua hizo ploti ziko wapi. Akainua fimbo akaonyesha kichuguu changu.

Ameuza. Yeye mwenyewe! Nilikaa chini kwa mchanga. Ng'ombe wake waliisha kiangazi kilichopita na lazima aanze upya. Zamani hakuna aliyetaka shamba hilo. "Ulipoandika, wakaja na magari," alisema. "Wengine walikuwa wanauliza kama na wewe unakaa hapa." Hakunilaumu. Aliniletea chai ya maziwa. Afadhali angenitukana.

Ni mhariri alisema tuweke ramani, wasomaji wapate njia. Ni mimi nilikubali. Kabla ya hapo nilikuwa naandika tu "upande wa Kajiado", na inatosha. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Nilienda kwa Mama, Kitengela, nimlilie. Sikupata nafasi. Mama alikuwa anacheka kabla sijavua viatu. Chama chao cha kanisani kimenunua ploti, na yake iko mbele kabisa. Kisaju. Woi! Mama yangu mzazi. Aliwasomea akina mama wote makala yangu kwa simu. "Nikawaambia huyu ni msichana wangu, hawezi kudanganya watu." Alitaka iwe suprais.

Mafundi wa seng'enge wanaanza Jumatatu. Nikamwambia mkifunga hapo twiga hawatapita. Akanicheka. "Si wachungulie juu ya fensi? Shingo yote hiyo ni ya nini?" Sikucheka. Alinipakulia mukimo, nikauacha kwa sahani.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia mwenyekiti wa chama. Nimeomba waache kanjia kadogo tu. Amesema ng'ombe za watu zitaingia kwa mahindi watakayopanda. Hata yeye hajakosea. Hiyo ndiyo inaniuma.

Jumanne, 11 Machi
Waya umefika mpaka kichuguuni na kukipita. Mafundi walikuwa hawajafika kazini. Twiga wakaja! Mama na mtoto wake, polepole, njia yao ile ile. Wakasimama. Mtoto akanusa waya, akaruka nyuma. Mama yake akaangalia ng'ambo, kwa mto, muda mrefu. Kisha wakageuka, wakaelekea barabara ya lami.

Kamera ilikuwa shingoni. Sikupiga hata moja. Nimekuwa nikipiga picha za porini tangu nimalize chuo na sijawahi kushindwa kuinua kamera.

Jumapili, 16 Machi
Mama alitaka nimpeleke ploti kabla ya kanisa. Alibeba thamosi, vikombe, na kigoda cha jikoni. Suti ya Jumapili, kilemba. Fundi amemwekea geti la bluu. Akakaa hapo, chai mkononi, akitazama upande wa kichuguu. Akaniambia niweke kamera tayari, asije akapitwa.

Sikumwambia nilichoona Jumanne.

Jua likapanda. Akaniuliza kama huwa wanachelewa hivi. Nikasema siku zingine. Akanywa, akapangusa vumbi kwa sketi, akamimina chai ingine.