Jani la Saba Linaangalia Chini

Ruti, Mbarara

Mama yangu,

Pokea salamu za mtoto wako mzuri kuliko wote. (Yaya Furaha, dada yangu, msomee hivyo hivyo, usiruke.) Miguu inakusumbua bado? Maharagwe ya nyuma ya nyumba yalipata mvua, ao huko kambini Nakivale jua ni lile lile? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, wasichana wa Ruti wanapata shida. Ningepiga simu, lakini humu ndani ya bahasha kuna kitu simu haiwezi kubeba. Ile karatasi ndogo iliyokunjwa usiifungue kwanza. Sikiliza.

Mwalimu mmoja wa kwaya, wa kule Nyamitanga, alikuja kwa Bosi, hapa tunapotengeneza magitare, akitaka gitare ambayo mtu mwingine hana, yenye mapambo shingo yote. Bosi akachora maua. Mwalimu akasema, "Haya nayaona kwenye sahani za nyumbani." Akachora ng'ombe. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa.

Basi nikaleta kile kitambaa chako cha meza, ulichonipa nifungie nguo. Ule mmea wako wa kushona, unaopanda na majani yake kumi na mawili, nikauchora kwenye mfuko wa sementi, toka kichwa cha gitare mpaka kwenye tundu. Shule niliachia darasa la tano, lakini mikono yangu iko na diplome! Mwalimu akasema, "Hii." Bosi akanipiga begani: "Wewe Mukongo iko na kichwa! Jina yako naandika ndani ya tumbo ya gitare, karibu na yangu."

Mama, nilikata majani yote kutoka pembe za ng'ombe, zile ndefu za huku, kwa msumeno mwembamba kama uzi. Pembe ikisagwa inanuka kama nywele zinaungua, hata mbwa wa jirani alihama. Na jani la saba nililiweka kama lako, kichwa chini. Unajua sababu. Ulilianza kwetu Fizi, tukakimbia vita, ukalimalizia Nakivale, ukashika kitambaa juu chini. Koko, bibi yetu, alisema ufumue. Ukakataa, ukasema liache, linaangalia kule, fasi tulitoka.

Siku ya kuonyesha, mafundi wenzangu wamejaa mlangoni, mwalimu aliigeuza gitare kwenye jua. "Nani alichora?"

"Mimi," Bosi akasema. "Nalala, naota, naamka, nachora."

Nikachungulia kwenye tundu. Karatasi iliyobandikwa mle ndani ilikuwa na jina moja, na halikuwa Bahati.

Mwalimu akaweka kidole kwenye jani la saba. "Na hili, mbona limepinduka?"

Bosi akalitazama kama analiona mara ya kwanza. Nikangoja. Nilisema moyoni, sasa lazima ataniuliza.

"Ah, hiyo kijana naharibu," akasema. "Hawa watu ya kambi hapana soma. Kesho atanyoosha. Siyo, Bahati?"

Wote wakacheka. Na mimi, mama, ambaye mdomo wangu ulinifukuzisha kwa walimu watatu, nikasema, "Ndiyo, Bosi."

Hilo ndilo linaniuma kuliko lile la jina.

Kesho yake nilipasha kisu moto kuyeyusha gundi, nikalitoa polepole lisivunjike. Nikakata lingine, nikaliweka kichwa juu kama wenzake. Mwalimu amechukua gitare yake, imenyooka yote. Sasa ni ya Bosi kweli, changu hakimo tena.

Nisalimie Papa Mudogo anayetengeneza mabaiskeli, mwambie ile baiskeli yake iliyoniangusha bado naidai ngozi ya magoti mawili. Nisalimie koko, mupigie kelele kwenye sikio la kuume. Yaya Furaha, wewe nakusalimia kidogo tu, usivimbe.

Haya mama, fungua ile karatasi. Ni jani lako, lile la pembe nililolitoa; nimelitoboa kitundu cha uzi. Lishone kwenye kitambaa kingine, fasi utapenda, lakini usiligeuze.

Ni mimi niliyelikata,
Bahati wako