Nimekutania Mbele za Watu, Baba

Baba,

Nimefanya. Jumamosi, katika ukumbi ulio karibu na gare, stesheni ya treni, nilisimama mbele ya watu wa Kindu nikakutaja kwa jina, nikakuiga, nao wakacheka mpaka wengine wakapiga viti. Nakuandikia upesi ili uisikie habari hii kwangu kabla mdogo wako Amuri hajafika kaburini kunishtaki. Najua atafika. Baba mdogo hana kazi nyingine siku hizi.

Habari za huku ni hizi. Mama yuko mzima. Baiskeli yako naiendesha mimi, na naiendesha hata kwenye matope, wewe uliyekuwa unaibeba begani kila mvua iliponyesha kana kwamba ndiyo mgonjwa. Hospitalini nimeacha kazi. Maji yamekwisha mwagika. Koti jeupe nimelirudisha, na ile namba ya matrikule, ya kuandikishwa kazi serikalini, uliyoihangaikia, ukibisha hodi ofisi hii na ile ili binti yako awe muuguzi wa serikali kama wewe, nimeiacha pia.

Hilo unalijua. Nilikwambia ukiwa bado kitandani, maana sikutaka kukuficha. Ulisema, “Muntu anaachaka kazi ya serikali juu ya kuchekesha bantu?” Halafu ukageukia ukuta. Hukunigeukia tena, Baba. Ulikufa umenipa mgongo. Iliniuma, inaniuma hata sasa ninapoandika, lakini sikurudi hospitalini na sirudi.

Kwenye matanga wajukuu zako walifanya kazi yao. Mwanangu Shabani alivaa miwani yako, akapita kwa waombolezaji akiwapima homa kwa kijiko, na watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikalia. Ndiyo desturi yetu: mjukuu anamtania marehemu asiondoke na kinyongo, mtoto wa kuzaa analia tu. Nilishika desturi hiyo kwa meno.

Baada ya arobaini nikawaambia wa nyumbani kwamba nitapanda jukwaani, na kwamba nitazungumza habari zako. Baba mdogo akasimama. Akasema mtoto kumtania baba yake ni laana, na kama nitathubutu, nisikanyage tena nyumba ya ukoo, iwe kwa harusi, iwe kwa kifo. Wote wakaangalia chini. Mimi nikamtazama yeye, kwa sababu nilikuwa nakumbuka msitu, na nilijua kwamba naye anaukumbuka.

Wakati wa vita, tulipovuka mto kwa mtumbwi tukakimbilia porini upande wa Pangi, Bibi, mama yako mzazi, alishikwa na homa. Wewe muuguzi hukuwa na hata kidonge kimoja. Alipokufa, watu walichimba kaburi wamechoka hata kulia. Wajukuu wengine walikuwa wametawanyika huko Kibombo. Ukaniita mimi, mtoto mdogo mwenye njaa, ukaniambia, “Mujukuu njo wewe peke yako hapa. Fanya kazi yako.”

Nikamwiga Bibi anavyoonja sombe ya Mama, ile mboga ya majani ya muhogo. Chumvi tulikuwa tumeisahau tangu mjini, lakini yeye kila siku alionja, akakunja uso, akalalamika, “Mukwe wangu, umetia chumvi mingi!” Mtu mmoja akacheka kidogo, kwa kuiba. Ndipo wewe ukainuka. “Hapana, haiko vile. Alikuwa anashika kiuno.” Ukajifunga kitenge cha mama yako, ukashika kiuno, ukaonja hewa mkononi, ukaitemea mbali. Wewe, mtoto wake wa kuzaa! Watu walishtuka, kisha kicheko kikatoka kwa wote. Amuri alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Naye pia ni mtoto wake. Baada ya hapo mliweza kulia, na mkamzika.

Nilipomkumbusha Baba mdogo hayo, akanijibu kwamba vita ni vita. Mkuki kwa nguruwe! Kumbe desturi ilikuwa na ruhusa ya kulala porini, ila mjini lazima ikae macho?

Basi Jumamosi nikapanda. Baba mdogo alikuwa mstari wa mbele, na Mama kando yake. Nikaanza na sindano zako. Ulivyokuwa unamwuliza mgonjwa habari za mama mkwe wake, kwa upole kabisa, na alipofungua tu mdomo kulalamika, umekwisha kumchoma. Nusu ya ukumbi walikuwa wamechomwa na wewe. Mzee mmoja alisimama akageuka, akawaonyesha watu mahali. Nikaelewa kwamba kazi yangu umenifundisha wewe mwenyewe, tena kwa miaka, bila kujua: kumfungulisha mtu mdomo, na kungoja wakati wake.

Hapo Baba mdogo akainuka. Akamshika Mama mkono amtoe nje. Mama akautoa mkono wake taratibu, akaurudisha mapajani, akabaki. Yeye akatoka peke yake. Nilimwona mpaka mlangoni, na kicheko cha watu kikaanza kupoa. Ningeweza kumkimbilia na kumwomba radhi mbele ya wote. Nikashika kiuno, nikawauliza watu habari za baba zao wadogo. Wakalipuka upya.

Jana ameleta ujumbe. Nyumba ya ukoo imefungwa kwangu. Shabani atakwenda kwenye harusi na misiba, mimi sitakwenda. Nimelia, kisha nikapika, nikala, nikaanza kutayarisha onyesho la Kampene. Wachimbaji wa madini wa huko wanasema nao wanataka kumjua huyo muuguzi.

Lala, Baba. Nakupenda, na sikuombi ruhusa. Nakuahidi kwamba kila jukwaa nitakalopanda, wewe utatangulia, na watu wasiokujua watatoka wakikutaja. Kama una hasira, njoo ndotoni, nigeukie, unikataze kwa mdomo wako. Nitakusikiliza mpaka mwisho.

Halafu na hiyo nitawasimulia.

Binti yako,
Zaituni