Matanga kwa Ajili ya Treni

Jumamosi, mwisho wa Desemba 1978. Biharamulo.

Mvua tangu alfajiri. Nilirudi juzi kutoka kwenye safari yangu ya treni, na mpaka leo gauni langu linanuka dagaa, mkojo na ugoro wa watu. Nimelifua mara mbili kwa majivu, maana sabuni haipo dukani wala kwa mtu. Linanuka vilevile.

Lakini si gauni linalonichefua leo. Kinachonichefua ni kifuko cha maharage kilichokuwa chini ya kitanda changu.

Nianze mwanzo, nisije nikajichanganya mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha ujamaa, mzaliwa wa Mugoma kule Ngara, na nina ugonjwa mmoja ambao sijaupatia dawa: napenda treni. Niliambukizwa nikiwa chuo cha ualimu Tabora. Kwetu Mugoma kila njia ni kupanda na kushuka. Ukitoka kuchota maji, magoti yanakusimanga hadi mlangoni. Siku ya kwanza nilipokaa dirishani mwa behewa nikaona nchi tambarare inapita yenyewe, mimi nimekunja mikono tu, nilijua nimepatikana. Tangu hapo kila likizo napanda lori hadi kivuko cha Busisi, navuka, nalala Mwanza kwa rafiki niliyesoma naye. Asubuhi napanda treni hadi Malampaka. Nanunua michembe ya viazi vikavu na mayai ya kuchemsha pale stesheni, nasubiri treni itokayo Tabora, narudi nayo.

Basi, hakuna zaidi. Malampaka sina ndugu wala biashara. Nakwenda kusikia magurudumu yakivuka maungio ya reli, na kumwona stesheni masta akitoka na bendera yake, kajinyoosha kama bwana harusi.

Jaribu kumweleza mtu hayo huku.

Huku safari ina sababu tatu: mgonjwa, maiti na mahari. Ukisafiri bila mojawapo, wewe ni mlanguzi au mchawi, na kama ni mwanamke ambaye hajaolewa, watu wanajua wenyewe la kusema. Sasa vita vimekuja, wameongeza na jasusi.

Na siku hizi hutoki kijijini bila barua ya balozi wa nyumba kumi. Nilimwendea wetu kabla ya Krismasi. Alikuwa amekaa nje kwake anachokonoa meno kwa mwiba.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Mwalimu. Mwanza unakwenda kufanya nini?"

"Kupanda treni."

"Ikupeleke wapi?"

"Malampaka."

"Kwa nani?"

"Sina mtu. Nikifika, narudi."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe mwenye miguu mitano. "Mwalimu, nchi iko vitani. Niandike kwamba mwalimu wa serikali anakwenda kupanda na kushuka? Wataniuliza nilikunywa nini. Una shangazi wewe?"

"Ninaye, Mugoma."

"Basi amefia Malampaka. Pole sana."

Akaandika, akanipa. Nilicheka. Nilidhani na yeye anatania, au anafanya vile viongozi wafanyavyo ili karatasi ipite. Shangazi yangu wa kweli, ambaye muda huo bila shaka alikuwa anapalilia migomba yake, nilimwomba radhi kimoyomoyo nikaenda zangu.

Laiti safari ingekuwa nzuri, labda leo ningekuwa na la kujitetea.

Ilikuwa chafu. Sijui treni yangu imepatwa na nini. Viti vimechanwa kwa visu, choo hakina maji na watu wanaingia hivyo hivyo, na wasioweza kufika wanamalizia pale waliposimama. Mzee mmoja alitema ugoro, ukatua juu ya kiatu changu. Akautazama, kisha akaangalia nje kana kwamba ni mvua iliyoninyea. Mbele yangu alikaa bwana mmoja mwenye shati la kupigwa pasi, ameegemea maboksi aliyoyafunika blanketi. Alisema ni vitabu vya shule. Behewa zima lilinuka uvundo, isipokuwa pale kwenye maboksi yake, palipotoka harufu ya sabuni. Sote tuliisikia. Akina mama wenye watoto wa kutapika mapajani waliisikia. Hakuna aliyefungua kinywa, nami mwalimu, ninayewafundisha watoto ubaya wa ulanguzi kila Jumatatu, nilinunua mayai yangu nikala kimya.

Wakati wa kurudi tulisukumwa kwenye reli ya kando, stesheni ambayo hata jina lake limefutika ukutani, tuipishe treni ya askari. Tulikaa mpaka watoto wakachoka kulia. Kisha ikaja. Ilivutwa na vichwa viwili, na mimi vichwa viwili sijapata kuviona katika treni moja. Nilisimama juu ya kiti nipate kuona vizuri. Vijana walikuwa wanaimba, mikono yao imetoka madirishani, behewa letu zima linawapungia na kuwapigia vigelegele.

Hilo ndilo pekee lililonipendeza safari nzima, na sasa nalo limeoza. Nitasema kwa nini.

Lori lilinishusha njia panda jioni. Nilipoikaribia nyumba yangu niliona moto barazani, wanawake wamekaa chini kwenye majani wamejifunga khanga viunoni, wanaume wamezunguka dumu. Mara tu waliponiona, kilio kikapasuka. Nikadhani mama amefariki.

"Pole, Mwalimu! Pole na shangazi!"

Kumbe Balozi, asubuhi niliyoondoka, alipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Na desturi ya hapa ni kwamba pakitokea msiba majirani hawashiki jembe. Nyumba zote kumi hazijakanyaga shamba la ujamaa tangu nilipopanda lori. Wameleta kuni, ndizi, unga. Wamenikalia matanga, nami mfiwa nipo Malampaka namenya mayai.

Balozi alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kiti pekee nilicho nacho, na povu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, limemganda kwenye masharubu. "Tumekushikia msiba vizuri, Mwalimu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote.

Nilimvuta nyuma ya nyumba.

"Balozi, hii ni aibu. Nakwenda kuwaambia sasa hivi kwamba hakuna aliyekufa."

"Waambie. Nami nitasema ulinidanganya. Kisha barua nyingine usije kuomba kwangu, wala kwa balozi mwingine katika kata hii, nitahakikisha. Treni yako utaisikia redioni." Akajifuta masharubu kwa kiganja. "Hawa watu hawana sukari, hawana sabuni, chumvi wanaazimana. Msiba nao tuwanyime?"

Akarudi kwenye kiti changu.

Halafu, wewe karatasi unayesikiliza, unajua nilifanya nini? Nilikwenda nikakaa kwenye majani katikati ya wanawake, nikainamisha kichwa, nikapokea pole. Kwa ajili ya treni inayonuka mkojo.

Unga uliliwa, ndizi zikaliwa, rubisi aliimaliza Balozi mwenyewe. Kilichobaki ni yale maharage. Yaliletwa na Mama Masanja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni Msukuma, mjane. Alifika huku na mumewe na ng'ombe wachache wakitokea upande wa Shinyanga, kisha operesheni ya vijiji ikawaleta kwenye mstari huu wa nyumba. Usiku wa jana nilifungua kifuko nikaona ni maharage yaliyochambuliwa, hakuna hata moja lililotobolewa, yamechanganywa na majivu yasiingie wadudu.

Yalikuwa mbegu. Mbegu yake ya mwezi wa pili alinipa nipikie matanga ya mtu aliye hai.

Sikulala vizuri. Leo asubuhi nikaamua: heri nisipande treni tena maisha yangu yote kuliko kula mbegu ya mjane. Nikajifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, nikachukua kifuko, nikaenda kumwambia kweli.

Alikuwa jikoni anapuliza kuni mbichi. Macho yake yalikuwa yamevimba, na haukuwa moshi. Nikakumbuka kwamba katika kilio chote cha juzi, sauti yake ndiyo iliyokuwa juu, akilia kwa Kisukuma mpaka wenzake wakamshika. Nilijiambia wakati ule kwamba huyu mama anajua kuigiza. Mungu anisamehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwarimu. Kaa. Mfiwa hatembei kwenye mvua."

"Mama, nimekuja kuyarudisha haya. Nina jambo la kukwambia kuhusu ule msiba."

"Kabla hujasema, niache nikushukuru."

"Unishukuru nini?"

Akaacha kupuliza moto. "Masanja walimchukua mwezi wa kumi na moja. Unajua. Lori mpaka Mwanza, kisha treni mpaka Tabora wakajifunze bunduki. Tangu hapo kimya. Nina donge hapa, Mwarimu." Akajigusa kooni. "Lakini nitaliaje? Ukimlilia mtu ambaye hajafa, unamwita kifo. Ni uchuro. Nimekaa na donge langu mpaka chakula hakipiti. Sasa Mungu akaleta msiba wako. Maiti halisi, ya kulilia halali. Nimelia, gete, kweli kabisa. Nimelia mpaka nimelala usingizi. Shangazi yako amenisaidia."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno: hakuna aliyekufa.

Nikalimeza.

Kwa sababu kama hakuna aliyekufa, basi siku zote zile alikuwa anamlilia nani? Jibu lake angelipata kabla sijamaliza sentensi, na asingelala tena mpaka vita viishe.

"Hata jina lake sikuuliza," akasema. "Nimemlilia bila jina. Aliitwa nani?"

"Konsolata," nikasema. Sina shangazi wa jina hilo. Angalau yule wa Mugoma nimemwondoa kwenye jambo hili.

"Konsolata," akarudia taratibu, kama anaweka kitu mahali pake. Kisha akanisogelea. "Na hiyo treni, Mwarimu. Inafananaje? Mimi niliona lori tu. Treni sijawahi kuiona."

Miaka yote hii nimengoja mtu wa huku aniulize swali hilo. Ningeweza kumweleza mpaka jua lizame. Nikasema tu ni ndefu. Nikasema ina madirisha mengi, na upepo unaingia vizuri. Nikasema, kijinga, kwamba safari hii tuliipisha treni ya askari ikitoka upande wa Tabora.

Akanishika mkono. "Ikitoka Tabora? Uliwaona vijana? Walikuwa na nyuso gani? Huyu wangu ana kovu hapa kwenye nyusi, ng'ombe alimpiga pembe. Hukumwona?"

Mama Masanja, niliona vichwa viwili vya treni. Niliona rangi zake na moshi wake na jinsi vilivyounganishwa. Nilipanda juu ya kiti nivione. Mamia ya watoto wa watu walipita mbele ya dirisha langu, mikono nje, karibu kiasi cha kushikana, nami nilikuwa nimewageuzia shingo natazama chuma.

Hayo sikumwambia. Nilimwambia ilipita kwa kasi.

Nimejaribu siku nzima kumchukia Balozi na nimefaulu. Ni mtu wa kuchefua, na kiti changu nimekisugua kwa mchanga. Lakini nikimaliza kumchukia yeye, bado nabaki na huyu aliyesimama juu ya kiti.

Nilipoaga, nilisema mbegu hizi mila ya kwetu hairuhusu kuzila, lazima zipandwe shambani kwa aliyezitoa, na azipande mfiwa mwenyewe. Mila hiyo niliitunga pale pale mlangoni. Mwezi wa pili nitakwenda na jembe langu kwenye shamba lake, nipinde mgongo, na hilo angalau halitakuwa uongo.

Alinisindikiza mpaka kwenye mvua. "Mwarimu, msiba wa shangazi mtaumaliza lini?"

"Likizo ya mwezi wa sita."

"Nitakwenda nawe. Nikamlilie Konsolata kwake. Na nikae dirishani, huenda zikapita nyingine."

Kwa hiyo mwezi wa sita nitakwenda tena kwa Balozi, nitamwamkia, nitaomba barua mbili za msiba, naye ataziandika, kwa kuwa shangazi sasa ni wake pia. Nitampeleka Mama Masanja Malampaka. Kaburi la kumwonyesha sina, nina miezi ya kulifikiria. Yeye atakaa dirishani. Ikija treni ya askari nami nitapanda juu ya kiti, na safari hii nitatafuta nyusi yenye kovu.

Mvua haijakatika. Kesho ni Jumapili, na kanisani watamwombea Konsolata. Nitaitikia amina, halafu kimyakimya nitataja jina la Masanja.