Imeenda, Lakini Bila Wallahi

Chumba cha Ujumbe,
Kambi ya Ifo,
kwa njia ya Dadaab, Garissa.

Alhamisi, 18 Novemba 1999

Mpendwa ndugu yangu Bishar,

Ikiwa uko dukani na watu wako karibu, tafadhali ikunje barua hii uisome baadaye ukiwa peke yako. Nakuomba kwa undugu wetu, neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako. Baba yako pia asijue. Abti, mjomba wangu huyo, hawezi kumficha dada yake kitu, na mama akisikia nilichofanya hatakula wala hatalala. Ukimaliza kusoma, ichome. Karatasi ya michoro tu ndiyo uihifadhi.

Assalamu alaykum warahmatullah. Hujambo, ndugu yangu? Joto la Mombasa linakutendeaje? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha? Ramlo je, amejifungua salama? Kama ni mtoto wa kike, nadhani mmempa jina la nyanya, Idman, kama ulivyoahidi. Mwenyezi Mungu ampe umri mrefu.

Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Mama nilimwacha Garissa mwezi jana akiwa na afya, ila goti lake linamsumbua wakati wa kusujudu. Mvua imenyesha vizuri. Barabara ilikatika siku nne, lori za mboga zikakwama, lakini mbuzi wamenenepa na watu hawalalamiki sana.

Naandika kwa Kiswahili kama siku zote, maana Kisomali tulipewa cha kusema tu, hakuna shule iliyotufundisha kukiandika. Sasa niruhusu nikueleze jambo lenyewe. Nimelizungukia kwa salamu kwa sababu naliogopa.

Unaikumbuka ile kompyuta kuukuu uliyoigeuza kuwa ruta, kisanduku cha kupitishia ujumbe, Desemba iliyopita? Uliiunda sebuleni kwetu juu ya mkeka wa mama, ukakataa kuinuka kula, hata mama akauliza kama hicho kisanduku nacho kimekula. Uliweka kadi mbili ndani yake. Moja ni ya waya, inayounganisha kompyuta mbili za chumba hiki. Nyingine ni ya mawimbi, iliyofungwa kwenye antena ya paa inayotazama Dadaab, kwenye ofisi kuu yenye simu ya setilaiti. Mwaka mzima imefanya kazi. Watu wa kambi wanakuja na maneno yao, mimi nayachapa, yanapita hewani hadi Dadaab na kutoka hapo yanakwenda kwa watoto wao ng'ambo. Majibu hurudi kwa njia ile ile. Jama, mkuu wangu, aliandika jina langu kuwa mtunzaji wa ruta hiyo.

Uliniambia neno moja ulipoondoka: ikifanya kazi, usiiguse. Niliigusa.

Jumanne tarehe 9 niliona vumbi jekundu limejaa kwenye matundu yake, na wadudu wa mvua wamefia ndani. Nikajiambia kwamba mtunzaji mzuri husafisha. Nilifungua kwa bisibisi, nikachomoa kadi zote mbili, nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Nilipoinua kadi ya mawimbi, kitu chepesi kikadondoka mezani. Kilikuwa kile kikofia cheusi cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele, kinachobana pini mbili pamoja. Kwenye kadi kuna jozi nane za pini. Sikuona kimetoka jozi ipi. Mimi ninayeandika tarehe na saa kwenye kila bahasha inayoingia hapa, sikuwa nimechora kadi kabla ya kuichomoa. Nilikirudisha kwenye jozi ya tatu kwa kubahatisha.

Ilipowaka, skrini ilionyesha kadi moja tu badala ya mbili. Taa ya kadi ya mawimbi haikuwaka tena.

Tangu hapo nimejaribu yafuatayo. Nimekagua waya wa antena mpaka juu ya paa, na kiungo nimekifunga upya kwa mpira wa tyubu maji yasiingie. Nimesugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli kama ulivyonifundisha. Nimeanzisha mashine kwa disketi ya akiba uliyoniachia. Nimebadilisha nafasi za kadi. Yote hayakubadili kitu. Halafu Jumatatu nikaichomoa kadi ya waya ili nijaribu nafasi yake, na papo hapo kadi ya mawimbi ikawaka taa ya kijani, nikakaribia kulia. Nilipoirudisha ile ya waya, ya mawimbi ikafa. Nikigeuza, nikiondoa ya mawimbi, ya waya inakuwa nzima. Kila moja ni hai ikiwa peke yake, zikikaa pamoja moja inakufa. Nami nazihitaji zote mbili, kwa kuwa barua ziko kwenye kompyuta za chumbani, na ruta yenyewe haina pa kuziwekea.

Hilo ni kosa la mkono. Kosa la ulimi ni kubwa zaidi, na ndilo hasa nakuomba ulifiche.

Watu hawakuacha kuja. Siku ya kwanza nilichapa maneno ya mtu, nikamwambia, "Imeenda," nikiamini nitaitengeneza kabla ya adhuhuri na itaenda kweli. Siku ya pili niliona haya kukiri ya siku ya kwanza. Sasa nina barua sitini na tatu kwenye disketi moja ndani ya droo yangu, na kila mwenye barua ameambiwa imeenda. Ningeweza kuibeba disketi hiyo hadi Dadaab asubuhi ile ile, kwa kuwa simu ya kule haina ubaya. Lakini Jama angeuliza kwa nini nimeibeba kwa mkono. Yeye husema mbele yetu sote kwamba chombo kikivunjwa na mkono wa mtu, mkono huo utafute kazi kwingine. Unajua tulivyohangaika mpaka nikapata kazi hii.

Kati ya hao sitini na tatu yuko mjane mmoja anayeitwa Arbia. Sote tunamwita eeddo, shangazi, ingawa si wa ukoo wetu. Mwanawe Korane yuko Norwei, na amemwombea mama yake na wadogo zake wawili wa kike wamfuate. Wakubwa wa kule wanataka majina kamili ya wasichana hao na tarehe zao za kuzaliwa kabla ya tarehe 30 mwezi huu. Yasipofika, faili litaendelea na jina la mama peke yake. Arbia alikuja tarehe 10. Nilichapa majina kwa vidole hivi, nikamsomea mara mbili, nikamwambia, "Imeenda, eeddo."

Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiletea chupa ya maziwa ya mbuzi, kwa shukrani. Nami nayanywa, Bishar, kwa sababu nikiyakataa atauliza kwa nini.

Nitaendelea kesho.

Ijumaa, 19 Novemba

Leo mambo yamegeuka, nami nakueleza kama yalivyotokea.

Saa tatu asubuhi chumba kilikuwa kimejaa. Alikuwepo Saado, yule mwanamke mchuuzi wa sukari mwenye mdomo usiochoka. Alipoona hakuna aliyepata jibu tena, alisema kwa sauti, "Karani, chombo chako kimeanza kufunga Ramadhani mapema? Kinameza maneno ya watu, lakini hakitoi hata salamu!" Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao.

Eeddo Arbia hakucheka. Aliweka chupa ya maziwa mezani, lakini mkono wake ukabaki juu ya kifuniko.

"Kwenye taar," akasema, akimaanisha zile redio za upepo wanazotumia watu wengi hapa, "mtu humsikia mwenzake akikohoa. Hiki kisanduku hakikohoi. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Barua yangu imeenda?"

"Imeenda, eeddo."

"Sema wallahi."

Nilichukua bahasha iliyokuwa karibu, nikaanza kuiandika tarehe. Unajua kwetu mtu husema wallahi mara kumi kabla ya kifungua kinywa, hata kwa bei ya nyanya. Nami tangu tarehe 9 sikuwa nimelisema hata mara moja. Sikujua kama kuna mtu alikuwa akilisubiri.

Saado akaingilia, "Eeddo, unamwapisha karani wa watu kama mwizi wa mbuzi?"

"Mwizi wa mbuzi huapa haraka," Arbia akajibu. "Huyu anafikiri."

Ndipo nikasema, "Haijaenda." Nikaisema tena kwa sauti, ili wa mlangoni nao wasikie. "Yako haijaenda, na zenu hazijaenda. Chombo kimekufa tangu Jumanne ya wiki iliyopita, na aliyekiua ni mimi."

Kelele iliyofuata sitaiandika. Mzee mmoja aliniita muuza hewa, na hakukosea. Lakini Arbia hakuniinulia sauti. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Zimebaki siku kumi na moja," akasema. "Kunywa maziwa yako, yataharibika. Kisha nionyeshe huo ugonjwa."

Nilimwonyesha. Nilichomoa kadi moja, nyingine ikawaka. Nikairudisha, ikazimika. Aliniambia nifanye hivyo mara tatu, akitazama ile taa ya kijani bila kupepesa macho. Halafu akasema, "Umeweka madume mawili ya ngamia katika kundi moja. Hayaumwi. Kila moja linadhani kundi ni lake, na moja litamfukuza mwenzake mpaka mwenye mifugo aseme kundi hili lako, lile lake."

Bishar, hapo nilikumbuka ulichosema ukiwa juu ya ule mkeka, kwamba kila kadi hupewa namba yake ya kuitia mashine, na kile kikofia ndicho kinachochagua namba. Nadhani nilipokirudisha kwa kubahatisha nimeipa kadi ya mawimbi namba ya kadi ya waya. Kama ndivyo, hakuna kilichoungua. Sijathubutu kujaribu jozi nyingine. Nimekwisha bahatisha mara moja, na unaona kilichotokea.

Jumapili, 21 Novemba

Jana nilikwenda Dadaab na disketi mfukoni. Arbia alikataa kubaki. Alipanda gari la punda la muuza kuni, mimi nikatembea kando ya gurudumu. Njiani hakunisema hata kidogo. Alinieleza jinsi binti yake mdogo alivyozaliwa siku ya mvua kubwa, na ndiyo maana ana hakika na tarehe.

Nilimweleza Jama yote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuinua macho, kisha akanyoosha mkono. "Disketi."

Zilikwenda zote sitini na tatu kwa muda wa chai moja. Ya Arbia ilitangulia. Alisimama nyuma ya kiti cha Jama na kumwambia kama alivyoniambia mimi, "Sema wallahi."

Jama akageuka. "Wallahi, mama, imeenda. Saa tano na dakika kumi."

Arbia akaketi chini sakafuni, akajifunika uso kwa shali yake. Mimi nilitoka nje.

Jama alinifuata uani. Alisema, "Ungenivunjia kadi vipande viwili, ningekuandikia onyo na tungesahau. Lakini umewanyamazia watu siku kumi." Nilisubiri neno la kunifukuza. Akaniuliza kama naweza kuiponya. Nikamwambia yuko ndugu yangu aliyeiunda. Basi amenipa mpaka tarehe 30. Hadi hapo kila siku nitabeba disketi kwenda na kurudi kwa miguu, na nimtafute kila mtu niliyemdanganya, mmoja mmoja, nimwambie ukweli. Hadi sasa nimewapata arobaini na mmoja. Wengine wamenitukana, wengine wamenipa chai. Sijui kipi ni kigumu zaidi kumeza.

Kwa hiyo maneno ya siri niliyoandika mwanzoni yamezeeka, lakini sina karatasi ya kuandikia upya. Mfiche mama tu. Nitamwambia mwenyewe nikienda Garissa Ramadhani.

Ninachohitaji kwako ni kitu kimoja. Nimekuchorea kadi kwenye karatasi ya pili, jozi zote nane. Tia alama ya kalamu kwenye jozi ulipoweka kikofia, uniandikie na namba uliyoipa kadi ya waya.

Msalimie sana Ramlo na mtoto. Mpe abti salamu zangu, umbusu mkono. Wasalimie Sabrin na mumewe, na majirani wa ghorofa ya chini walionipokea kama mtoto wao. Mwenyezi Mungu azilinde riziki zenu, awaepushe na haya niliyoyaonja mimi, na atukutanishe tukiwa na nyuso za kutazamana.

Ni mimi nduguyo, ninayekupenda na kukuchosha,
Shuaib

Namna ya kunipata: posta itachelewa. Mpe jibu dereva wa basi la Garissa, amkabidhi Warfa anayeuza kandambili kwenye kituo cha mabasi, naye atalipakia kwenye lori la Dadaab. Asubuhi niko Ifo, alasiri niko Dadaab, na katikati niko barabarani, kila mwenye gari la punda ananijua. Nisipoonekana, jibu apewe Arbia, anakaa benchi la kwanza la chumba hiki tangu kinapofunguliwa. Hajui kusoma, atamwomba Saado amsomee. Kwa hiyo kama unaikumbuka jozi ile kwa hakika, andika wallahi kando ya alama yako. Kama huikumbuki, usiandike. Atakachouliza kwanza ni hicho, nami nimemwahidi kumjibu kama ulivyoandika.