Tumbili wa Chumba cha Pili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo karakana, katikati ya maranda na gundi. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni ya maabara. Je, mgongo umekuachia? Watoto hawajambo? Mwambie kitinda mimba wako swali lake nimelifikisha: ndiyo, tumbili hupiga chafya.

Nilikuandikia habari za yule Babu wetu, tumbili wa kijivu. Damu yake imejaa virusi, tena ndugu wa hivi vya UKIMWI vinavyotusumbua binadamu, lakini anakula, anagombana na anazeeka kama kawaida. Sasa nimehamishiwa chumba cha pili, kwenye tumbili wa jamii nyingine. Virusi ni vilevile, kaka, ila hawa vinawamaliza. Wanakonda, wanaharisha, kikohozi kidogo tu kinawaangusha.

Unanijua, swali likinikaa kooni silimezi. Nikamuuliza daktari wetu mkuu kulikoni. Akacheka, akasema hilo ndilo limemzeesha. Wanachojua ni kwamba jamii ya Babu imeishi na virusi hivyo tangu enzi na enzi. Miili yao hushtuka, kisha hutulia upesi. Ya hawa wengine haitulii, inapigana mpaka inajichosha yenyewe. Nikauliza, sasa sisi watu tuko chumba gani? Akaacha kucheka. Akasema, cha pili.

Yuko jike mmoja tunamwita Kidevu. Nilipofika alikuwa hata kichwa hainui. Wakamwanzishia sindano za dawa, za jamii moja na vidonge wanavyomeza watu wenye virusi. Juzi kaninyang'anya glavu, akapanda nayo juu na kuitafuna huku ananikodolea macho. Nikamwacha aitafune.

Kaka, shemeji alinipigia simu. Tafadhali usimkasirikie. Anasema umeacha dawa zako za virusi tangu uliposoma barua yangu, na ukiulizwa unajibu kwamba kama Babu anadunda bila kidonge, wewe una nini. Mwanzoni nilicheka, maana niliisikia sauti yako kabisa. Kisha nikakaa sakafuni, palepale stoo. Wewe si wa jamii ya Babu, kaka. Laiti ungekuwa.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Alhamisi nitakuwa hapo, na Ijumaa asubuhi tutaongozana kliniki, wewe na mimi. Ukitaka kununa, utanunia njiani.

Nisalimie wa nyumbani wote, wakubwa kwa wadogo, na shemeji umsalimie kwa upole.

Mdogo wako akupendaye,
Kiulizo