Aliposimamisha Gari Ukingoni

Jumanne, jioni

Bado anasema ni uchovu tu. Baba Neema, dereva wa watalii miaka yote hii, leo alisimama ghafla ukingoni mwa kreta kwa sababu aliona barabara moja ikiwa mbili. Aliwaambia wageni washuke wapige picha. Kulikuwa na ukungu mtupu. Wakaupiga picha ukungu. Dereva mwenzake ndiye aliyemrudisha Karatu.

Kaka yake alianza hivihivi kule Mbulumbulu. Kisogo kilimuuma, macho yakaingia giza, akasema atapumzika wakishavuna ngano. Tulimkuta shambani, mdomo umepinda, hawezi kusema. Wiki haikuisha, tukamzika.

Hospitali wamempima mume wangu: presha iko juu sana. Nesi akamwambia, "Baba, meza dawa, na usiendeshe gari mpaka tukupime tena."

Njiani akaninong'oneza, "Mama Neema, bosi asijue. Kesho nina safari."

Sasa amelala. Kila anapoacha kukoroma, naenda kumgusa kifua.

Nimeshampigia bosi. Nimemweleza yote. Huenda kazi ikaenda, na akiamka atanikasirikia vibaya.

Sawa. Nataka kumsikia akigomba.